Mafuta Yaliyopanda Waya

Maji yalikuwa yamekupwa, tena siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida. Mkaazi wa Likoni akisikia hayo mawili pamoja hahitaji kuelezwa zaidi: siku hiyo rampu ya feri ni mlima. Maji yakijaa, gari hutoka kwenye feri kama linavyotoka uani. Yakikupwa sana, feri huteremka pamoja nayo, rampu husimama, na kila gari hupanda likiwa limeinua pua huku lori la nyuma likinguruma kusubiri zamu yake.

Nilikuwa nimempakia mama kiti cha nyuma. Magoti yake hayamruhusu tena kusimama katikati ya waendao kwa miguu, na aliyewahi kuvuka Likoni saa moja asubuhi anajua umati ule unavyosukumana. Kwa hiyo kila baada ya Alhamisi mbili namvusha kwa gari kwenda kwa mtaalamu wa viungo kisiwani Mombasa. Gari lenyewe ni Mercedes-Benz E240 ya mwaka 1999, ile yenye taa nne za mviringo mbele. Nimekaa nalo miaka saba. Halijawahi kunilaza njiani, nami sijawahi kulinyima haki yake ya sevisi.

Feri ilipogota ng'ambo nikawasha injini, nikaweka gia kwenye D, nikakanyaga. Injini ilinguruma lakini gari likaenda kama lililobeba nyumba. Nikaongeza. Likapanda polepole, likitetemeka, na kwa muda niliona kabisa kwamba tutarudi kinyumenyume juu ya lori. Tulipofika juu, mama akauliza, "Mwanangu, gari lina nini?" Nikamjibu halina kitu. Lakini kwenye barabara ya Nyerere, mwendo haujafika hata kilomita 50 kwa saa, mshale wa mizunguko ulikuwa umeshapita 3,000, na gia haikubadilika. Nikasimama kando, nikazima, nikawasha tena. Vile vile. Nikajaribu kurudi nyuma: likarudi vizuri kabisa. Kwenda mbele lilikuwa na gia moja tu, na haikuwa ya kwanza.

Haikuwa mara ya kwanza kuniletea visa. Wiki mbili nyuma, kwenye foleni ya feri, injini ikiwa na joto la kusimama jua kali, lilikuwa limejifanya vivyo hivyo. Nilipozima na kuwasha likasahau. Nikadhani ni joto. Hilo ndilo kosa langu katika habari hii, na nalieleza mapema ili mwingine asilirudie: gari linaposahau ugonjwa wake baada ya kuzimwa, halijapona. Limepumzika tu.

Gereji ya kwanza niliyolipeleka sitaitaja. Kijana alikaa kwenye usukani, akaenda nalo hadi mwisho wa njia na kurudi, akashuka akisema, "Gia boksi imekwisha." Bei ya gia boksi ya mtumba, kufungwa, mafuta na kazi: shilingi 120,000. Hakufungua boneti. Hakulala chini kutazama. Hakuniuliza lilianza lini wala linafanya nini likipoa. Nilirudi nyumbani nikiwa mtu aliyeambiwa kuna msiba. Nikapiga hesabu ya mshahara na karo, nikaona bora niliuze kwa kilo.

Aliyenizuia ni jirani yangu, mzee aliyeendesha teksi miaka mingi kabla miguu yake nayo haijachoka. Alinisikiliza barazani hadi mwisho, kisha akauliza, "Lilikuwa likiteleza? Unakanyaga, injini inapanda, gari halifuati?" Hapana. "Lilikuwa likichelewa kuingia gia asubuhi?" Hapana. "Likigonga?" Mara moja moja. Akatikisa kichwa. "Gia boksi inayokufa huugua kwanza, bwana. Hii haijaugua. Mpelekee mtu wa waya."

Mtu wa waya mwenyewe, yaani fundi wa umeme wa magari, yuko mtaa wa Majengo, kwenye uchochoro ambao gari mbili hazipishani, chini ya mkungu. Ni mzee wa makamo, kofia ya vito kichwani hata akiwa amelala chini ya gari, na vijana wote pale humwita Ami. Nami nikamwita Ami. Baada ya salamu hakugusa gari. Alivuta kigoda akaanza kuniuliza, na maswali yake yalikuwa yale yale ya jirani yangu na mengine zaidi. Linapozimwa na kuwashwa linarudi? Lilikuwa likirudi, sasa halirudi. Linaanza likiwa baridi au moto? Moto. Kurudi nyuma? Kuzuri. Betri ya lini? Akaipima, kwa kuwa umeme ukiwa dhaifu kompyuta za magari haya huanza kuona maruerue. Betri ilikuwa nzima.

"Basi liko gia ya pili," akasema. "Halijafa. Linachechemea kwa makusudi."

Nililipenda neno hilo tangu hapo, maana ndilo hasa linalofanyika. Acha nieleze alivyonieleza, pamoja na niliyokuja kuyasoma baadaye, kwa sababu nilikuwa nimeendesha gari la otomatiki miaka yote hiyo bila kujua nani anayenibadilishia gia.

Gia boksi ya gari langu inaitwa 722.6. Ina gia tano za kwenda mbele, na ilianza kutumika mwaka 1996 katika magari ya kampuni hiyo. Ndani yake kuna meno, klachi na mafuta mekundu yenye msukumo. Kinachoamua mafuta hayo yaende kubana klachi gani ni vali sita zinazoendeshwa kwa umeme, yaani solenoidi: tatu za kubadilisha gia, mbili za kupima msukumo, na moja ya klachi iliyo ndani ya toko konveta, chombo kinachounganisha injini na gia boksi. Solenoidi hizo hazina akili. Zinaamriwa na kompyuta ndogo ambayo haikai ndani ya gia boksi. Imekaa juu, chini ya boneti, ndani ya kisanduku cheusi cha plastiki karibu na ukuta unaotenganisha injini na abiria. Hiyo ndiyo moduli ya kudhibiti gia. Vijana wa Majengo huiita kompyuta ya gia, nami nitaiita hivyo.

Kompyuta ya gia hufanya kazi kama nahodha asiyeiona bahari. Haioni gia hata moja. Huambiwa. Sensa mbili, yaani vihisio, ndani ya gia boksi humwambia vyombo vya ndani vinazunguka kwa kasi gani. Kompyuta ya injini humwambia mguu wako umekanyaga kiasi gani. Mfumo wa breki humwambia magurudumu yanakwendaje. Sensa nyingine humwambia joto la mafuta, na mkono wa gia humwambia umeweka wapi. Kwa habari hizo, mara nyingi kila sekunde, anaamua. Habari zikipingana, kwa mfano magurudumu yanasema gari linakwenda na sensa ya ndani inasema hakuna kinachozunguka, nahodha hawezi kukisia. Akikosea, klachi zitabana mbili pamoja na vyuma vitavunjika. Kwa hiyo hufanya jambo la busara kuliko yote: anaacha usukani. Anakata umeme kwenye solenoidi zote. Na gia boksi hiyo imeundwa hivi kwamba umeme ukikatika, mafuta yenyewe, kwa njia yao ya asili, huipa gia mbili tu: ya pili ya kwenda mbele na ya kurudi nyuma. Zinatosha kukufikisha nyumbani. Ndiyo maana rampu ya bamvua ilinitesa. Nilikuwa naipanda bila gia ya kwanza.

Kwa hiyo yule kijana wa gereji ya kwanza alipoendesha gari akalihisi zito, alichohisi kilikuwa kweli. Alichokisema juu yake hakikuwa kweli. Na kati ya hayo mawili palikuwa na pesa zangu shilingi 120,000.

Mpwa wa Ami alichomeka mashine yake ya kusoma makosa. Ikaandika makosa matatu, mawili ya zile sensa za mzunguko na moja la kompyuta ya gia yenyewe. Nikauliza kama basi tununue sensa. Sensa hizo haziuzwi peke yake. Zimeungwa kwenye bamba moja la umeme lililo ndani ya gia boksi, juu ya solenoidi, na kulifikia ni lazima ufungue trei ya chini na kumwaga mafuta. Ami akanyoosha kidole. "Ngoja. Mashine imekwambia nani analia. Haijakwambia nani kampiga."

Akafungua kile kisanduku cheusi. Akachomoa waya wa betri kwanza, kisha akaivuta kompyuta ya gia taratibu kutoka mahali pake na kuitoa plagi yake kubwa. Akachana kipande cha tishu, akakikunja kikawa kama utambi, akakipitisha kwenye matundu ya plagi. Akakitoa, akanipa bila kusema neno.

Kilikuwa chekundu.

Nilikitazama sana. Sijui kama nitaweza kumfanya msomaji ahisi nilichohisi, lakini fikiria: mafuta mekundu kwenye gari langu yako mahali pamoja tu, ndani ya gia boksi, chini kabisa, chini ya sakafu ya gari. Mahali pale tulipokuwa tunapatazama ni juu, karibu na kioo cha mbele. Kati ya pale na kule hakuna bomba. Hakuna tundu. Kuna waya tu, fungu la nyaya nyembamba lenye urefu wa mtu mzima aliyelala. Mafuta yalikuwa yamepanda.

"Wewe umekulia kwenu bila stima?" Ami akaniuliza. Nikamwambia ndiyo, mpaka nilipofika darasa la sita. "Koroboi ulikuwa unaijua?" Nikamwambia naijua. "Mafuta ya taa yako chini ya kopo. Moto uko juu ya utambi. Nani huyapandisha?"

Hakuna anayeyapandisha. Yanapanda yenyewe, kwa kupenya kati ya nyuzi za pamba. Na waya wa gari ndani ya ganda lake la plastiki si chuma kimoja. Ni nyuzi nyingi nyembamba za shaba zilizosokotwa pamoja, zenye nafasi ndogo ndogo katikati, sawa kabisa na utambi. Mafuta ya gia boksi yakipata mlango mdogo wa kuingia kwenye mwanzo wa waya, yakiwa moto na mepesi, yatasafiri ndani ya ganda, miezi kwa miaka, tone kwa tone, mpaka yafike mwisho wa waya. Na mwisho wa waya ni kompyuta.

Nimevuka bahari maelfu ya mara, nimesomeshwa sayansi shuleni, na nimewasha koroboi kwa mkono wangu huu. Sikuwahi kuviunganisha. Mzee aliyeacha shule mapema aliviunganisha mbele yangu kwa kipande cha tishu.

Mlango wenyewe tuliuona tulipoinua gari na kuliweka juu ya stendi. Ubavuni mwa gia boksi kuna plagi ya mviringo yenye pini 13, ambayo nyaya zote za ndani hupitia kutokea nje. Imekaa kwenye kifuko cha plastiki, na kifuko hicho huzuiwa kuvuja na oringi mbili, yaani pete za mpira, zisizozidi upana wa kidole. Ami aliizungusha plagi, ikafunguka, na mafuta yakadondoka kutoka ndani yake, mahali ambapo hapapaswi kuwa na unyevu wowote. Akalegeza skrubu moja ya milimita saba iliyo katikati, akakivuta kifuko. Oringi zilikuwa zimekauka zikawa ngumu kama ukucha. Moja ilikatika vidoleni mwake.

Mpira uliokaa miaka zaidi ya 20 ndani ya mafuta yanayochemka na kupoa kila siku hauna lawama. Umefanya kazi yake, umechoka. Kifuko kipya pamoja na oringi zake nilikipata dukani kwa shilingi 2,800. Katika habari hii yote, ndicho kitu kilichokuwa kibovu tangu mwanzo. Vingine vyote vilikuwa vimezama kwa sababu yake.

Hapa ndipo ninapotaka kukaa kidogo, kwa kuwa ndilo lililonifanya niandike. Tuseme nisingekutana na Ami. Tuseme ningekwenda kwa fundi wa kati, si mbaya kama wa kwanza, anayejua kusoma mashine. Angesoma kosa la kompyuta ya gia, angenitafutia kompyuta nyingine, angeichomeka, gari lingekwenda vizuri, ningelipa na kumshukuru. Na waya ule ule, ukiwa bado umelowa, ungeanza kumnywesha mgeni siku hiyo hiyo. Baada ya miezi kadhaa ningerudi kwake na ugonjwa ule ule, naye angesema kompyuta niliyoletewa ilikuwa ya mtumba, tulete nyingine. Hakuna ambaye angekuwa mwongo. Kila mtu angekuwa amebadilisha kilichokufa, na hakuna aliyeuliza kimekufa kwa nini. Nimezungumza na watu wawili wenye magari ya namna hii hapa Mombasa tangu wakati ule, na mmoja wao alikuwa kwenye kompyuta yake ya tatu. Nilimwomba aende achomoe plagi na atie tishu. Alinipigia simu jioni ile ile.

Ami hakutaka kuninunulisha kompyuta mara moja. "Tuioshe kwanza, huenda bado ana roho." Tukafunga kifuko kipya. Nyaya tukazikamua kwa kuzifuta na kuziacha zikining'inia usiku mzima, plagi zote mbili zikioshwa kwa dawa ya kusafishia kontakti mpaka tishu ikawa inatoka safi. Kompyuta yenyewe ikafunguliwa, ikaoshwa, ikaanikwa kivulini. Tulipoirudisha, gari likapata gia zote tano. Nilikwenda nalo hadi Nyali na kurudi nikiimba.

Furaha hiyo ilidumu siku tisa.

Siku ya kumi, likachechemea tena, safari hii kwenye mzunguko wa Changamwe katikati ya malori. Tulipoifungua kompyuta mara ya pili na kuiangalia kwa kioo cha kukuzia, tukaona ambalo mara ya kwanza lilikuwa limefunikwa na mafuta: kwenye pembe moja ya bodi, miguu ya vijipande kadhaa ilikuwa imeota kutu ya kijani. Mafuta safi peke yake hayapitishi umeme, lakini haya yalikuwa yamebeba vumbi la chuma kutoka kwenye gia na klachi, na kisanduku kile kilikuwa kimeingia hewa ya kwetu. Anayeishi pwani hahitaji kuambiwa chumvi inafanya nini. Mabati yetu huyajua, mageti yetu huyajua, antena juu ya paa huoza kabla ya picha kupotea. Kwenye bodi yenye njia za shaba nyembamba kama unywele, unyevu wa Mombasa hauna huruma. Ami akairudisha kwenye mfuko wake wa plastiki. "Huyu sasa amekwenda."

Kutafuta nyingine sitakueleza kwa urefu. Mpya ilikuwa ghali kuliko uwezo wangu. Ya mtumba ilipatikana Nairobi kwa shilingi 18,000, ikaja na basi la usiku, imefungwa ndani ya taulo. La muhimu ni kwamba hatukununua kwa kuangalia umbo. Kompyuta hizi zinafanana kwa nje, plagi zake zinaingia moja kwenye nyingine, lakini ndani zimeandikwa kwa ajili ya injini na gari maalumu. Nilipiga picha namba zote za kibandiko cha ile ya zamani nikamtumia muuzaji, na nikamwambia atie tishu kwenye plagi ya ile anayoniuzia kabla hajanitumia, anipigie picha. Alishangaa, akafanya. Ilikuwa nyeupe.

Ikifika si kuchomeka tu na kuondoka. Ni lazima iambiwe iko kwenye gari gani: modeli, injini, ukubwa wa magurudumu, uwiano wa difu, yaani gia za ekseli ya nyuma. Kazi hiyo hufanywa kwa mashine ya kiwanda au inayofanana nayo, na mpwa wa Ami alikuwa nayo. Kwa gia boksi ya 722.6 jambo hili linawezekana hata kwa kompyuta ya mtumba, na hiyo ni bahati ya mwenye gari kuukuu. Kwenye gia boksi iliyokuja baada yake, ya gia saba, kompyuta imewekwa ndani kabisa ya gia boksi na imefungwa na usalama wa ufunguo, kwa hiyo ya mtumba haikubali kirahisi hivyo. Anayefikiria kununua gari jipya kidogo ili akwepe taabu na alifikirie hilo.

Tukabadilisha na mafuta. Gia boksi hizi zilipotoka zilihesabiwa kuwa na mafuta ya kudumu maisha ya gari. Ukifungua boneti utaona mrija wenye kifuniko, ukikitoa hukuti dipstiki, kijiti cha kupimia mafuta. Baadaye kikawekwa kipindi cha kubadilisha, kilomita 60,000, lakini magari mengi yalikuwa yameshaenda zaidi ya hapo mara mbili. Ya kwangu yalitoka na wekundu uliokolea hadi kukaribia weusi wa kahawa ya kizee cha gahawa. Ndani ya trei, sumaku ilikuwa na ule utelezi wa kijivu wa kawaida. Hapakuwa na vipande vya chuma. Ami aliuchukua utelezi ule kwa kidole, akausugua, akanionyesha. "Hii ndiyo gia boksi waliyokwambia imekwisha."

Kipimo cha mafuta hayo huchukuliwa yakiwa na joto la nyuzi 80, injini ikiwaka, kwa kijiti maalumu kinachotiwa kwenye ule mrija. Fundi anayejaza kwa kukisia, au anayepima gari likiwa baridi na kuacha kipimo cha moto, atakuharibia kazi yote. Tulisubiri. Nusu saa injini inanguruma uchochoroni, watoto wametuzunguka, mpwa akitazama joto kwenye skrini na kulitaja kama mtangazaji wa mpira. Sabini na sita. Sabini na nane.

Lililobaki lilikuwa langu. Kompyuta ngeni haiijui gia boksi iliyowekewa. Klachi za kila gari zimelika kwa kiasi chake, na kompyuta hujifunza kiasi hicho kwa kubadilisha gia mara nyingi, mguu ukiwa mwepesi, mafuta yakiwa yamepata moto. Niliondoka Jumapili baada ya alfajiri, barabara ya Ukunda ikiwa tupu na minazi bado ina ukungu. Ya kwanza kwenda ya pili iligonga. Ya pili kwenda ya tatu ikasita kama mtu asiyejua ngazi za nyumba aliyoingia gizani. Nikawa naachia, napunguza hadi kusimama, naanza upya, bila kulazimisha. Kufika Tiwi kule kugonga kulikuwa kumepungua makali. Nilipogeuza Ukunda kurudi, sikuweza tena kusikia gia ikibadilika. Niliijua kwa mshale tu. Gia ya tano ikaingia, injini ikanyamaza, nikasikia upepo.

Jumla ya yote, kifuko, kompyuta, kuiandika upya, mafuta, chujio na kazi ya Ami, haikufika shilingi 46,000. Alitaja bei yake ya kazi kwa sauti ya chini, nami niliona haya kuipunguza.

Alhamisi iliyofuata nilimvusha mama. Maji yalikuwa mafu, hayajai wala kupwa sana, na rampu haikuwa na mwinuko wa kujaribu chochote. Nilisubiri bamvua ijayo, na ilipokuja nilikwenda peke yangu saa ya maji kupwa, nikapanda. Likaanza na gia ya kwanza, likafika juu.

Ami alikuwa ameniagiza jambo moja: mwezi ukitimia, nifungue kile kisanduku cheusi, nichomoe waya wa betri, nitoe plagi, nitie tishu. Nyaya zilizowahi kunywa hubaki na mabaki, alisema, na kama oringi mpya haikukaa sawa, ni pale nitakapojua kabla kompyuta haijajua. Mwezi ulitimia juzi. Niliegesha nje ya nyumba, mama yuko barazani na kikombe chake cha chai akinitazama. Nikakunja tishu, nikaipitisha tundu moja baada ya jingine, nikaitoa kwenye mwanga wa jua na kuigeuza pande zote mbili.

Mama akauliza, "Vipi?"

Nikasimama, nikampelekea aione mwenyewe. Ilikuwa nyeupe.